Jinsi ya Kuijengea Shule Yenu Bweni Bila Kuishia Kwenye Fulana

Kila mradi wa bweni huanza na picha. Mhitimu mmoja yuko njiani kwenda msibani, anakumbuka kwamba shule aliyosoma iko kilomita chache tu kutoka barabara kuu, anakata kona. Anaingia na gari mpaka uwanja wa paredi. Anapiga picha ukuta uliopasuka, bati lililoliwa na kutu na kitanda cha dabo deka kilichobaki fremu, kisha anazirusha kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu. Kundi lililolala tangu salamu za Mwaka Mpya linaamka ghafla. Vikaragosi vya machozi vinamiminika. Mmoja anaandika kwamba kitanda hicho ndicho alichokilalia kidato cha kwanza. Mwingine anauliza kama yule mpishi wa makande bado yu hai. Halafu anajitokeza mtu, na kila kundi linaye mtu huyo, anaandika: "Wakuu, hii ni aibu yetu sote. Tufanye kitu."

Mwongozo huu unaanzia hapo. Nimewaandikia wahitimu wa shule za bweni za serikali, hasa zile kongwe tunazojivunia mpaka uzeeni. Nyerere alisoma Tabora na akafundisha Pugu. Mkapa alipita Ndanda na Pugu. Kikwete alisoma Kibaha. Kila moja ya shule hizi ina orodha ndefu ya mawaziri, majaji, madaktari na wafanyabiashara, na kila mmoja wao anajua kuimba wimbo wa shule akiwa na glasi mkononi. Nitawacheka humu, kwa sababu nawapenda, na kwa sababu vituko vya kamati zetu vina gharama, na anayeilipa ni mtoto anayelala pale usiku huu.

Fulana baadaye

Kikao cha kwanza kitafanyika hotelini, na ajenda ya kwanza itakuwa fulana. Msibishe, nendeni mkaone. Watu wazima wenye shahada mbili mbili watabishana jioni nzima kama rangi iwe kijani ya sweta la shule au kijani ya bendera ya shule, kama nembo ikae kifuani au mgongoni, na kama wake na waume nao washonewe. Kuna atakayeleta sampuli. Kuna atakayekuwa na shemeji mwenye kiwanda cha kuchapa. Kufikia saa mbili usiku mmechanga fedha za fulana, mmechanga fedha za chakula cha hoteli, na bweni limeahirishwa hadi kikao kijacho.

Kwa hiyo muhtasari wa kikao cha kwanza ubebe azimio hili, limeandikwa na kusainiwa: hakuna fulana mpaka boma lifungwe lenta. Siku lenta ikimwagwa, shoneni hata kanzu.

Azimio la pili lihusu vyeo. Tumezoea kugawa uongozi kama pilau ya harusi, kila aliyekuja apate: mwenyekiti, makamu wawili, katibu, katibu mwenezi, mlezi, mshauri wa mlezi, wajumbe kutoka kila mkoa. Bweni moja halihitaji serikali. Linahitaji watu wanne wa uhakika. Mmoja ajue kutunza vitabu vya fedha na asione haya kumwambia mwenyekiti hapana. Mmoja awe mhandisi au fundi mchundo anayesoma ramani. Mmoja aishi karibu na shule, awezaye kufika saini ya ghafla inapohitajika au mvua inapobomoa lundo la mchanga. Na wa nne awe yule anayeweza kumpigia simu mtu mara tatu kuhusu ahadi yake bila kugombana naye. Huyu wa nne ni adimu. Mara nyingi ni dada aliyekuwa kiranja wa bwalo, aliyekuwa akigawa nyama kwa haki. Mkimpata, mshikeni.

Mwanzo wa yote, ulizeni

Kosa la heshima zaidi wanalofanya wahitimu ni kuipelekea shule zawadi ambayo shule haikuomba. Mtu amefanya kazi nje miaka mingi, anarudi na ramani ya ghorofa mbili yenye vioo vya mbele na ukumbi wa mapokezi. Mkuu wa shule anaitazama kwa adabu. Hawezi kusema kwamba kisima kimekauka na wasichana wanatembea na ndoo mpaka mtoni kabla ya kengele ya asubuhi, kwa sababu mgeni ameshaanza kueleza kuhusu vigae.

Shule ya serikali ina wenyewe. Ina mkuu wa shule, ina bodi, iko chini ya halmashauri na TAMISEMI, na jengo mtakalolijenga litakuwa mali ya serikali siku mtakayolikabidhi. Hilo lisiwakwaze, ndilo linalofanya jengo liwe na mwalimu wa kulisimamia mkisharudi mijini. Nendeni watu wawili, bila msafara, katikati ya wiki. Kaeni na mkuu wa shule, matroni na patroni, halafu ombeni kuongea na viranja peke yao. Ulizeni wanalala wangapi, maji yanatoka wapi, usiku mtoto akiumwa tumbo anakwenda wapi.

Swali hilo la mwisho linawapeleka moja kwa moja chooni, mahali ambapo wahitimu hawapendi kuweka majina yao. Kiwango cha shule nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabuni wanafunzi, hesabuni matundu, kisha gawanyeni. Mkilijenga bweni la wasichana 80 bila kuongeza matundu manne, na chumba cha kujihifadhi wakati wa hedhi chenye maji na kichomea taka, mmewaongezea watu kwenye foleni ya alfajiri. Nimesikia hoja kwamba choo hakipendezi kwenye picha ya uzinduzi. Pigeni picha bweni, jengeni vyoo.

Baada ya hapo mwoneni mhandisi wa halmashauri. Mpeni ramani aipitie na awatolee makadirio yake, na myaamini kuliko bei za mwenzenu aliyejenga nyumba Kibamba mwaka juzi. Kwa walio Kagera sina haja ya kueleza sana kwa nini. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliiharibu sekondari ya Ihungo vibaya mno kiasi kwamba ilibidi ijengwe upya. Nguzo, lenta na nondo zinazoonekana ghali kwenye karatasi ndizo zinazobaki zimesimama ardhi ikitikisika.

Miradi mingi ya shule siku hizi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: mafundi wa hapo hapo, vifaa vinanunuliwa moja kwa moja, na kuna kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Watu wa mjini hulalamika kwamba kamati tatu ni urasimu. Nawaomba wafikirie upya. Anayeagiza saruji si anayeilipia, na anayeilipia si anayeihesabu ikishuka kwenye lori. Mifuko 200 ikiagizwa, kuna mwalimu wa hesabu na mzee wa kijiji wamesimama pale wanahesabu 200. Ndugu yenu aliyejitolea "kuwaletea saruji kwa bei ya jumla" akikasirishwa na utaratibu huo, mmeshajifunza jambo kuhusu saruji yake.

Fedha: ahadi haziezeki

Sasa tufike kwenye harambee, mahali ambapo wahitimu wa Kitanzania hung'ara kuliko wote duniani. Meza zimepambwa. Mgeni rasmi amechelewa saa mbili. Mshereheshaji ana kipaza sauti, na anawajua watu kwa majina. "Mheshimiwa, kidato cha nne cha tisini na mbili wamekuita!" Mheshimiwa anasimama, anafunga kifungo cha koti, anatamka milioni kumi. Vigelegele. Aliyekaa meza ya pili, ambaye kidato cha pili alikuwa akinakili kazi za Mheshimiwa, hawezi kuachwa, anatamka kumi na mbili. Kufikia usiku wa manane ubao unaonyesha ahadi za kutosha kujenga chuo kikuu. Kufikia Machi, mweka hazina ana fedha za msingi na nusu ya jamvi, na simu za Mheshimiwa hazipokelewi.

Fanyeni kinyume. Kabla ya kutangaza lolote, wanakamati wenyewe watoe kwanza, taslimu, kila mtu kwa uwezo wake, na risiti ziwekwe mezani. Mwenyekiti ambaye hajatoa hana sauti ya kuomba. Halafu wafuateni kimya kimya wale wachache wenye uwezo mkubwa, nyumbani kwao au ofisini, mkiwa na makadirio ya mhandisi mkononi. Mwombeni kila mmoja kitu kinachoeleweka: paa lote, au vitanda vyote, au tenki na mabomba yake. Tajiri huvutiwa na kazi inayoisha. Mkiwa na theluthi mbili kwenye akaunti ndipo mwende kwa umati, na umati ukiona theluthi mbili iko tayari utawashangaza.

Umati ndio nguvu yenyewe. Kundi lenye wahitimu 400, kila mmoja akiweka shilingi 20,000 kwa mwezi, linapata milioni 96 kwa mwaka. Hakuna mgeni rasmi atakayewapa hizo. Wekeni lipa namba kwa jina la chama, isiwe namba ya simu ya mtu, na kila Ijumaa mweka hazina atume kwenye kundi taarifa ya benki yenyewe, picha kamili, na makato yake yaonekane. Mtu aliyetoa 5,000 aone 5,000 yake. Mwalimu wa shule ya msingi kule Nachingwea anayetoa kiasi hicho amejinyima zaidi ya wengi waliotajwa jina kwenye kipaza sauti, naye anastahili risiti inayofanana na ya mbunge.

Tumieni ushindani wa miaka, huo hauna madhara na unaleta fedha. Darasa la 1988 likisikia kwamba la 1995 limeshanunua magodoro yote, litakesha. Msitumie ushindani wa watu binafsi. Orodha inayompanga mtu wa kwanza mpaka wa mia nne humfukuza wa mia nne, na pengine ndiye fundi umeme mliyemhitaji.

Wapo walioko Muscat, London na Minneapolis. Hawa wana uchungu wa shule kuliko sisi tunaopita karibu nayo kila wiki, na wana maumivu mengine: wameshatuma fedha za nyumba kwa ndugu, na wakirudi wanaonyeshwa kiwanja. Wasipochangia mapema msiwaite wabahili. Wapeni picha za kila hatua zenye tarehe, wapeni namba ya mhandisi wa halmashauri wampigie wenyewe, na watatoa.

Sajilini chama chenu kwa Msajili wa Jumuiya, kifungue akaunti yenye watia saini watatu. Kama kuna kampuni inataka kuchangia, ipelekeni kwenye Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria namba 8 ya mwaka 2001. Mchango unaopita huko hupewa cheti kinachoiwezesha kampuni kuomba nafuu ya kodi. Mhasibu wa kampuni ataelewa sentensi hiyo haraka kuliko wimbo wa shule.

Mlango

Hapa naomba tuache kucheka kidogo.

Usiku mmoja wa Juni 1994, bweni la sekondari ya wasichana ya Shauritanga, Rombo, liliungua na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Agosti 2009, Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2020, shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, watoto 10. Kwa jirani zetu Kenya orodha ni ndefu zaidi. Bombolulu, Machi 1998. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Bombolulu mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, madirisha nayo yana vyuma. Moto una vyanzo vingi, mshumaa, waya mbovu, petroli ya mwanafunzi mwenye hasira. Kilichoamua idadi ya majeneza ni kama mtoto aliyeamka gizani aliweza kutoka.

Ndiyo maana nawaomba muanze na mlango. Kabla ya rangi, kabla ya jina, kabla ya kujadili kama bati liwe jekundu au bluu, wekeni kwenye ramani milango miwili, mmoja kila upande wa jengo, inayofunguka kwenda nje na kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Kenya, baada ya misiba hiyo, ilitoa mwaka 2008 mwongozo wa usalama wa shule ambao unafaa kunakiliwa na kamati yoyote. Unataka milango ya mabweni iwe na upana wa angalau futi 5, ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Unataka madirisha yasiwe na grili. Unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda na njia ya katikati yenye mita 2. Endarasha ilitokea mwongozo huo ukiwa na umri wa miaka 16. Vipimo vilivyobaki kwenye karatasi havimtoi mtoto nje.

Nazijua hoja za grili, kwa sababu kila kikao kina mzazi anayezileta kwa nia njema. Wezi wataiba magodoro. Wavulana wataruka madirisha kwenda disko. Wanaume wataingia bweni la wasichana. Hofu hizo ni za kweli na zina majibu: uzio, taa za nje, mlinzi anayelipwa kwa wakati, chumba cha matroni ndani ya bweni lenyewe chenye dirisha linaloangalia vitandani. Vyote vinagharimu zaidi ya grili. Kama fedha hazitoshi, punguzeni ukubwa wa bweni. Vitanda 48 vyenye milango miwili ni bora kuliko 80 vyenye mmoja, na mkuu wa shule akiwabana kwa kuwa wanafunzi ni wengi, mwambieni awamu ya pili inakuja.

Na vile vitanda 48 vikae 48. Shule zetu zina mazoea ya kujaza, bweni linazinduliwa Januari na kufikia Julai njia ya katikati imeshapangwa dabo deka. Andikeni idadi kwenye ukuta, kwa rangi, kubwa, karibu na mlango, ili hata mtoto wa kidato cha kwanza ajue kwamba kuna kosa.

Hata waliojaliwa fedha nyingi wamejifunza jambo hili kwa machozi. Marekani kuna vyama vya udugu vya wanafunzi wa vyuo vikuu, wao huviita fraternity, vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Wahitimu wake huchangia majumba makubwa ya kuishi, yenye maktaba, bwalo na mpishi wao. Pale Chuo Kikuu cha Cornell, nyumba ya chama cha Chi Psi, kasri la kifahari, iliungua Desemba 7, 1906 na watu saba wakafa, wanafunzi wanne na wazimamoto watatu. Karibu miaka tisini baadaye, Mei 12, 1996, siku ya mahafali huko Chapel Hill, North Carolina, nyumba ya Phi Gamma Delta iliungua alfajiri na wanafunzi watano wakafa. Baada ya hapo mji huo ukazilazimu nyumba za vyama hivyo kuweka mabomba ya kunyunyiza maji darini. Sisi hatutaweka mabomba hayo kesho. Tunaweza kuweka mlango wa pili.

Umeme nao usiachiwe fundi wa kupita. Mtoto anayetaka kusoma usiku atasoma. Akikosa taa atawasha mshumaa chini ya chandarua, akikosa soketi atachomeka waya tupu. Mpeni taa za sola zinazowaka mpaka saa nne na chumba cha kujisomea chenye meza, na mishumaa itapotea yenyewe.

Maboma

Nchi yetu ina maboma mengi. Kuta zimesimama, hazina paa, ndani kuna nyasi na mbuzi wawili. Ukiuliza, utaambiwa lile ni bweni la wahitimu, jiwe la msingi liliwekwa na mkuu wa mkoa fulani. Jiwe lenyewe bado linang'aa, limechongwa marumaru, limekula fedha ambazo zingenunua milango.

Msiweke jiwe la msingi. Mwagieni maji zege, siku saba mfululizo asubuhi na jioni, hiyo ndiyo sherehe ya msingi. Hesabuni gharama ya jengo mpaka kitanda cha mwisho, godoro, chandarua, tenki la maji, dawa ya mchwa chini ya jamvi, mbao zilizotiwa dawa, bati la geji 28 hata kama la geji 32 ni rahisi. Kisha msianze hatua yoyote ambayo fedha zake hazipo zote. Bora msingi uchelewe miezi sita kuliko kuta zinyeshewe misimu mitatu. Wenye haraka watasema tuanze, Mungu atafungua njia. Mungu amewapa kikokotoo kwenye simu.

Fundi akisema mchanganyiko huu unatosha, mwiteni mhandisi. Fundi akisema mhandisi hajui, mwiteni mhandisi mara mbili.

Jina na kibao

Bweni likikaribia kwisha, litazuka suala la jina, na hapo urafiki wa miaka thelathini hutikisika. Mchangiaji mkubwa atatuma ujumbe kupitia mtu mwingine kwamba yeye hajali sifa, ila watu ndio wanaopendekeza. Mkewe amependekeza. Katibu wake amependekeza.

Mabweni yetu yana desturi nzuri: Mkwawa, Mirambo, Lumumba, Nkrumah, Kilimanjaro. Majina hayo humfanya mtoto aulize swali la historia. Ongezeni humo matroni aliyewauguza malaria miaka ishirini, mwalimu wa fizikia aliyefundisha jioni bila malipo, mpishi aliyeamka saa tisa usiku kupika uji. Andikeni kibao kimoja chenye miaka ya madarasa yaliyochangia, bila kiasi. Mchangiaji mkubwa akisusa kwa sababu hiyo, mwacheni apumzike, atarudi akiona watoto wamehamia.

Siku ya makabidhiano

Sasa vaeni fulana zenu. Mmezistahili.

Hotuba ziwe fupi, jua ni kali na watoto wamesimama tangu asubuhi. Na nawasihi jambo moja, hasa wanaume. Kila mkutano wa wahitimu una saa yake ya kukumbuka tulivyowafanyia njuka: kuwafulisha soksi za kaka wa kidato cha nne, kuwalaza sakafuni, kuwaamsha usiku wa baridi wacheze ngoma juu ya tranka. Tunacheka mpaka tunakohoa. Tunasema ilitukomaza. Lakini kwenye mkutano huo huo kuna wenzetu ambao hawaji, na hamjawahi kujiuliza kwa nini hawaji. Wapo walioacha shule muhula wa kwanza na hakuna aliyewafuata nyumbani. Mhitimu anayesimama mbele ya kidato cha nne na kusimulia mateso ya njuka kama utani anawapa kibali cha kurudia usiku ule ule, ndani ya bweni jipya, kwa fedha yake.

Semeni kinyume mbele yao wote. Waambieni viranja kwamba bweni hili limejengwa kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba mtoto mpya asiguswe. Mwombeni mkuu wa shule achanganye vidato kwa utaratibu anaousimamia patroni, na namba ya simu ya mhitimu mmoja anayeaminika ibandikwe ukutani, mtu ambaye mtoto anaweza kumpigia kwa simu ya mwalimu wa zamu. Awe mtu anayepokea.

Msipige picha watoto wakiwa wamekaa vitandani wakiwashukuru. Pigeni picha milango yote miwili ikiwa wazi.

Wiki moja baada ya sherehe, kabla kundi halijalala tena, kamilisheni kazi iliyobaki. Tengeni fungu la ukarabati, kiasi kidogo kila mwezi kutoka kwenye zile 20,000, kwa sababu kitasa kitavunjika, koki itavuja, na bati moja litang'olewa na upepo wa Agosti. Teueni mtu mmoja kila mwaka, kwa zamu ya madarasa, atembelee shule bila taarifa, usiku, akiwa na ruhusa ya mkuu wa shule iliyoandikwa mapema. Ahesabu vitanda. Ajaribu milango yote miwili kwa mkono wake. Aangalie kama vizimamoto vimejazwa na kama tundu la choo namba nne bado linafanya kazi. Taarifa yake isomwe kwenye kundi kabla ya muhula wa Januari kufunguliwa, na darasa la 1988 ndilo lianze zamu, maana ndilo lililoshindwa kwenye magodoro.